UZI: Neno "budget" ni ya nani? Kikao ya ndoa imekwama juu yake

Mwana Kamalondo

Jambo bakubwa na badogo. Nisaidieni kumaliza hii mambo juu tangu siku ya mungu sina amani. Mudogo wetu anaoa, kikao ilikuwa Katuba, hapa Lubumbashi, kwa baba mukubwa, mi njo sekretere, nikachapa karatasi muzuri, juu kabisa nikaandika kwa herufi kubwa BUDGET YA NDOA. Sijamaliza hata kugawa, tonton mumoja wa upande wa mama, mwalimu wa Kifaransa mustaafu, anainua karatasi mbele ya macho kama mutu yenye anachunguza noti kama ni ya kweli, anauliza nani alileta Kiingereza ku hii nyumba. Anataka tuandike "prévision". Baba mukubwa naye, yenye alifanya kazi Kitwe ya Zambia myaka mingi, anacheka mpaka anakohoa, anasema kubalini tu, Kiingereza imeisha kuwashinda, hata leta yenu, serikali, iko na minisitiri wa budget. Hapo tonton akageuza gari: kama ni vile basi hiyo neno ni ya Kifaransa tangu zamani, Bangereza walikuya kuiiba.

Munajua vile bazee betu bako. Dakika tano tu bameisha kuwekeana dau, kazie moja, kreti nzima, ya bia ya Simba. Mahari haikuongelewa, viti havikuongelewa, sono, vyombo vya muziki, haikuongelewa. Kikao ikasukumwa mpaka siku ya mungu yenye inakuya na mi nikapewa kazi ya kuleta jibu. Mwenye anajua kweli aseme, mwenye anabahatisha pia aseme, lakini aseme kama anabahatisha.

Fundi Ruashi

Nabahatisha. Inatoka ku "badge", ile karatasi ya kuvaa ku kifua. Juu mwenye hana badge hapewi pesa.

Mtoto wa Kadutu

Hahaha Fundi, hiyo umeitunga sasa hivi, hata wino haijakauka. Huku Bukavu profesa wetu mumoja alitwambia inatoka ku Kiingereza "budge", maana yake kusogea kidogo, juu budget ya leta inasogeaka tu haifikake. Darasa lote tulicheka, tukaandika ku kaye. Sijui kama ni kweli.

Kalamu Kavu

Nyote wawili hapana. "Budge" ni neno ingine kabisa, inatoka ku Kifaransa "bouger", kusogea, na hiyo bouger wenye kuchunguza maneno wanairudisha ku Kilatini ya kuchemka, maji yakitokota yanatikisika. Zinafanana tu sura kama watu wawili wamekutana ku basi. Profesa alikuwa anachekesha nyie mukaandika.

Mi kazi yangu ni kutafsiri karatasi za mizigo, Kiingereza ya Zambia na ya Afrika Kusini naileta ku Kifaransa ya duane, batu ba forodha, kwa hiyo hii neno nalala nayo naamka nayo, na siku moja nilichoka nikaifuata mpaka kwao. Sekretere, wazee wako wote wawili wana haki nusu nusu. Hiyo kazie waikate katikati.

Mwanzoni budget haikuwa pesa. Haikuwa hata karatasi. Ilikuwa mufuko. Mufuko wa ngozi, wa kuning'iniza begani ao kufunga ku farasi. Wakati wa Waroma, inchi yenye leo tunaita Ufaransa ilikuwa ya Wagalia, na Wagalia mufuko wa ngozi waliuita jina lenye Waroma walisikia wakaandika "bulga". Muroma mumoja wa kupanga maneno, Festus, aliandika wazi kabisa kama Wagalia vifuko vya ngozi wanaviita hivyo. Kwa hiyo munaona, hata Kilatini iliazima. Myaka inapita, bulga inalainika ku mudomo wa Wafaransa inakuwa "bouge", na kama mufuko ni mudogo wanabandika kamukia nyuma, "bougette". Shiye pa Lubumbashi kidogo tunakiweka mbele: mufuko, kamufuko. Bougette ni kamufuko, njo vile tu.

Kisha mwaka 1066 Wanormandi wanatoka Ufaransa wanavuka maji, wanapiga Waingereza, wanakaa juu yao, na kwa myaka mingi wakubwa wa Uingereza ku tribunali na ku meza walikuwa wanaongea Kifaransa. Maneno yaliingia kwa magunia. Bougette inaonekana ku Kiingereza ku myaka ya 1400, kila mutu anaiandika na yake, bowgette, bouget, mpaka ikatulia budget. Na bado ni mufuko! Shakespeare, ku muchezo wake wenye ulionyeshwa 1611, The Winter's Tale, anaweka mwizi mumoja anaimba juu ya mafundi wa kuziba masufuria wenye wanatembea na budget ya ngozi ya nguruwe. Fikirini bale bafundi ba masufuria ba ku marché Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, na vyombo vyao ku saki. Ile saki njo budget.

Mama wa Mupaka

Sasa mi mwenye natembea Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, kila juma niwaambie yenye ilinifikia. Mwaka wangu wa kwanza ku biashara nilifika Kitwe usiku, mvua inanyesha, nabeba mutoto ku mugongo, naona mulango moja kumeandikwa "budget rooms". Mi nikasema eee, budget, hii ni nyumba ya bafonksionere ba leta ya Zambia, mi mwenye kuuza bitenge bataniuliza karatasi gani. Nikapita. Nikaenda kulala pa mbele, kwa bei yenye faida yangu yote ya sabuni ilibakia palepale. Asubui nawaambia bamama benzangu, banacheka mpaka bananikalia chini. Kumbe kwa Kiingereza hiyo budget ni "ya bei kidogo".

Kalamu Kavu, mutu wa kweli, namna gani mufuko inakuwa bei kidogo? Hapo nieleze polepole.

Etidiya wa UNILU

Mama pole lakini nimecheka.

Kalamu Kavu

Mama wa Mupaka, polepole basi, na hii itakuwa ndefu.

Mufuko kisha kuwa mufuko, inaanza kuwa vile viko ndani. Hata shiye tunafanyaka vile. Ukisema "nilikula sahani mbili" haukukula sahani. Waingereza walianza kusema budget ya barua, budget ya habari, maana yake furushi zima. Myaka ya 1800 bado kulikuwa magazeti yenye yaliitwa Budget fulani, na mutu mumoja wa hesabu, De Morgan, kitabu chake cha 1872 cha kukusanya mawazo ya ajabu ajabu ya watu kilipewa jina A Budget of Paradoxes. Hakuna senti hata moja ndani ya hayo maana, ni furushi tu.

Na "kufungua budget" ilikuwa musemo, mutu akifungua budget yake maana anasema yenye iko ku roho. Kinyume chake pia kulikuwa, "mumbudget", yaani nyamaza, funga mudomo kama mufuko wenye kamba imevutwa. Hiyo ya mwisho naipenda sana, nayo imekufa bure.

Sasa pesa. Minisitiri wa hesabu wa Uingereza alikuwa anakuya ku bunge na karatasi zake ku mufuko wa ngozi, wote wanangoja afungue wajue nani atatozwa nini. Mwaka 1733, Robert Walpole, yenye wengi wanamuhesabu kama waziri mukuu wa kwanza kule, alitaka kubadilisha kodi ya divai na tumbako ikusanywe kwa namna ingine. Watu waliwaka moto. Wapinzani wakatoa kijitabu cha kumuchekelea, jina lake The Budget Opened, budget imefunguliwa, na ndani wakamufananisha na muganga wa sokoni wa kuuza dawa za uongo. Mulishamuona. Ule wa ku Kenya mwenye anasimama juu ya meza na mikro imefungwa ku kifua, mufuko uko chini umefungwa, anazunguka maneno saa nzima, nyoka iko ndani, nyoka haiko ndani, watoto wanasongana, kisha anafungua, anatoa kachupa kamoja kenye kanaponyesha mugongo, tumbo, mapepo na deni. Njo vile walimuchora Walpole. Ile kodi yake ilikufa, aliirudisha mwenyewe nyuma, lakini jina likabakia. Kutoka pale ku myaka ya 1700 katikati Waingereza wanasema tu minisitiri "anafungua budget" na hakuna mwenye anacheka tena. Tusi imekuwa jina la kazi.

Kisha kutoka leta inashuka ku nyumba za watu: kila mutu ako na budget yake, ya chakula, ya safari. Mutu wa budget ni mutu wa kuhesabu mbele ya kutoa. Na ku myaka ya 1900 wafanyabiashara wanaona ile neno inaweza kuuzisha: badala ya kuandika "rahisi", yenye inafanya mutu aone haya kuingia, wanaandika "budget", maana inatosha ku mufuko wako. Mama, ule mulango wa Kitwe ulikuwa unakuita wewe kabisa.

Mama wa Mupaka

Na mi nikaupita. Asante. Deni ile sabuni.

Mama Birere

Huku Goma tunawasoma. Mimi niulize kitu ingine. Watanzania na Wakenya ku redio wanasema "bajeti". Sisi tunasema "bidje", kama Wafaransa. Ni neno moja ama mbili?

Kalamu Kavu

Mama Birere umegusa penyewe. Ni moja, imeingia ku Kiswahili kwa milango miwili. Ya Dar na Nairobi ilipita ku mudomo wa Mwingereza, wakaweka "a" na kamukia ka "i" ku mwisho, bajeti. Ya kwetu ilipita ku mudomo wa Mubelgiji, bidje. Wenyewe wa kamusi wanasema pia "makadirio", na mi naona ni neno muzuri kabisa, linasema kweli: ni kukadiria tu, si ahadi. Lakini jaribu kusema ku kikao ya ndoa "makadirio", watakuuliza unaumwa.

Na siku zenyewe zinatofautiana. Kule mashariki minisitiri wa pesa anapigwa picha mwezi wa sita anainua sanduku ndogo mbele ya bunge, na hiyo sanduku ni mujukuu wa ule mufuko wa ngozi. Shiye konstitisio yetu ya 2006 inasema, artikle 126, serikali iweke projet ya budget ku Asamble nasionale isipite tarehe 15 mwezi wa tisa. Hakuna sanduku. Na kama baba mukubwa wa Sekretere alivyosema, tuko na minisitiri wa budget mumoja na minisitiri wa finanse mwingine, yaani mumoja anashika mufuko na mwingine anashika pesa. Nani mukubwa hapo, musiniulize.

Fundi Ruashi

Mwenye anashika pesa. Swali ingine.

Mtoto wa Kadutu

Lakini Waingereza bado wanabeba mufuko? Niliona picha ya sanduku nyekundu.

Kalamu Kavu

Ile nyekundu ni ya Gladstone, minisitiri wa hesabu wa Uingereza wa zamani. Huyo Gladstone aliongea budget yake ya 1853 masaa mane na robo tatu bila kukaa, kwa hiyo kama munaona vikao vya ndoa ni virefu mushukuru Mungu. Sanduku yake ya mbao yenye imefunikwa ngozi nyekundu ilitumika na waminisitiri karibu wote wenye walimufuata, ilibebwa mpaka 2010, yenyewe imechakaa, ngozi inatoka, wakaipumzisha. Na wanasimulia habari ya mumoja, Ward Hunt, mwaka 1868 alifika ku bunge, watu wote kimya, akafungua sanduku, akakuta hotuba ameiacha nyumbani.

Wahindi nao walirizi hiyo sanduku kwa Waingereza, lakini 2019 minisitiri wao Nirmala Sitharaman alikuya na karatasi zimefungwa ku kitambaa nyekundu, namna wafanyabiashara wa Kihindi wanafungaka daftari zao za hesabu. 2021 akabeba tablete ndani ya kifuniko nyekundu ya namna ileile. Kutoka mufuko mpaka kitambaa, na jina bado ni budget.

Etidiya wa UNILU

Mi niongeze juu nasoma ekonomi na hakuna mwalimu alitwambia hivi. Juzi nilitafuta "fisc", ile yenye tunaita batu ba fisc banakuya kuhesabu maduka. Inatoka ku Kilatini "fiscus". Munajua fiscus ni nini? KIKAPU. Kikapu cha kusuka, Waroma waliweka pesa ndani, kisha kikapu ikawa pesa ya kaisari mwenyewe, kisha ikawa kodi. Naapa.

Na "bourse". Shiye tunalilia bourse ya masomo kila mwaka, kule Paris bourse ni soko ya hisa. Zote zinatoka ku Kilatini "bursa", mufuko, na yenyewe inatoka ku Kigiriki ya ngozi. Ngozi tena!

Mama Sombe

Niko nasonga bukari na nasoma hapa, sufuria iko inaungua juu yenu. Mi sikusoma hiyo masomo yote lakini nauliza, "kashi" nayo? Juu bakitoma banakuya kwangu nawaambia lipa kashi, sipendi deni.

Kalamu Kavu

Mama Sombe punguza moto kwanza.

Kashi nayo ni chombo. Kiingereza "cash" walipata ku Kifaransa "caisse" ao ku ndugu yake ya Kiitalia "cassa", na maana ya kwanza ni sanduku ya kuweka pesa, ndani kabisa ni Kilatini "capsa", sanduku. Kwa hiyo ukisema lipa kashi unasema lipa sanduku. Na kesie wa kikao yenu, mwenye kushika pesa, anakaa ku neno hilohilo. Etidiya ameleta kikapu, na bourse, mi naleta sanduku, budget tayari ni mufuko. Na tusijisahau: kwa Kiswahili sanifu Mfuko wa Taifa, Mfuko wa Jamii, ni nini? Hakuna mwenye alitufundisha hiyo, Waroma hawakupita Mombasa. Mutu yeyote mwenye ako na pesa ya watu wengi anatafuta kwa kuiweka, kisha kila mutu anaangalia ile kitu imefungwa, na kwa kuangalia sana jina la kitu linakuwa jina la pesa. Mi njo vile naona, wa chuo watanisahihisha.

Mutu wa Mampala

Muzee mumoja hapa niseme. Shiye benye tulikulia ku kamp ya Gécamines, kampuni ya migodi, mbele yetu babaetu ku Union Minière yenye ilikuwa mbele yake, kulikuwa posho. Ku siku yake mama anaenda na saki anapanga mustari, unga, mafuta, chumvi. Nyumbani hawakusema "tumepata chakula", walisema "saki imeingia". Na kama muzee alikosa kazi siku fulani waliandika, na saki inakuya nyepesi. Mama alikuwa anainyanyua na mukono moja pa mulango mbele ya kuifungua, kwa uzito tu anajua hii mwezi itakuwa namna gani. Hakuhitaji kuandika kitu. Leo natuma watoto kusoma Kiingereza na Kifaransa, wananiletea neno budget, naona ni mama yangu pale mulangoni.

Mama Sombe

Papa umeniliza na sufuria imeungua kweli sasa.

Mwana Kamalondo

Nimesoma yote, asanteni sana. Lakini tonton atauliza: kama ilikuwa bougette ya Kifaransa, Wafaransa waliipoteza namna gani mpaka wakairudisha na sura ya Kiingereza? Na yeye anasema "waliiba".

Kalamu Kavu

Mwambie tonton kwa heshima yote kama mutoto mwenye uliacha mwenyewe haujaibiwa. Ku Ufaransa bougette ilizeeka, mifuko ingine ikapata majina mengine, watu wakaiacha. Ile ya Uingereza ikasoma, ikapata kazi ku bunge. Ku myaka ya 1700 Wafaransa wanaanza kuandika juu ya hesabu za serikali ya Waingereza, wanaikuta "budget", wanaiona mugeni mwenye suti, wanaiandika vilevile na herufi zake za Kiingereza, na mwanzo wa myaka ya 1800 inaingia ku karatasi za serikali yao wenyewe. Hawakutambua ni mutoto wao. Mutu anatoka Katuba na jina Kamufuko, anarudi kisha myaka mia tatu anaitwa Mister Budget, mama yake anamupa kiti ya wageni.

Na hayuko peke. "Sport" ilitoka ku Kifaransa ya zamani "desport", kujifurahisha, wakaikata kichwa. "Ticket" ni ndugu ya "étiquette". "Tunnel" ilitoka ku "tonnelle", "interview" ku "entrevue". "Challenge", yenye vijana wote munaitumia ku simu, nayo ilikuwa Kifaransa ya zamani mbele Waingereza waibebe. Zote zimeenda na kurudi. Tonton akikataa budget, akatae na sport, kisha tuone jumapili ataangalia nini ku televizio wakati Mazembe inacheza.

Baba mukubwa naye asijivune sana. Kiingereza alilea, hakuzaa.

Mtoto wa Kadutu

Ndugu ya damu ku Kiingereza iko? Ama ni yatima?

Kalamu Kavu

Iko. "Bulge", kitu yenye inavimba, nayo inatoka ku ile bulga. Ukijaza mufuko unavimba. Ku Kiirlandi ile neno ya Kikelti inaendelea mpaka leo, "bolg", tumbo. Na wenye kufuata maneno mpaka mizizi wanaunganisha pale "belly" ya Kiingereza, tumbo, na "bellows", ile mivukuto ya muhunzi. Yaani ukifika chini kabisa mufuko ni tumbo. Kwa kikao ya ndoa hiyo haihitaji kuelezwa.

Kitu ingine ndogo, juu Etidiya anapenda ngozi: ku bendera za familia za wakubwa wa Uingereza kuko alama inaitwa "water bouget", mifuko miwili ya ngozi ya kubeba maji imening'inia ku muti mumoja. Hapo neno lilibakia na sura yake ya zamani, hakuna pesa.

Fundi Ruashi

Mi bado nasimama ku badge.

Mama Birere

Fundi simama, utachoka utakaa.

Mwana Kamalondo

NARUDI NA HABARI. Kikao imeisha juzi.

Nilichapa maneno yenu, ya Kalamu Kavu na ya Etidiya, nikasoma yote kwa sauti, hata ya nyoka iko ndani nyoka haiko ndani. Nilipofika ku bougette tonton alisimama akapiga mukono ku meza, "nilisema!", nilipofika ku Waingereza kuilea baba mukubwa naye akasimama, wote wawili wanashangilia goli moja. Nikasema Kalamu Kavu anashauri kazie ikatwe katikati. Wakaangaliana. Tonton anasema nusu yake italipwa na mwenye alilea, baba mukubwa anasema nusu yake italipwa na mwenye aliacha mutoto. Hakuna mukono uliingia ku mufuko wa suruali.

Ile wakati yote tantine, njo kesie wetu, amekaa kimya pa pembeni na saki yake ku magoti. Ile saki mungeiona. Ngozi nyeusi ya marehemu bwana yake, alikuwa anabebeaka karatasi za kazi, zipu ilishakufa, anaifunga na kamba ya kiatu. Alifungua fundo polepole na meno. Alitoa rozari, kaye ya michango, bonbon mbili za wajukuu, kisha furushi za franka zimefungwa kila familia na lastiki yake, na dola zimekunjwa ndani ya karatasi, moja imepasuka kidogo pembeni, yenye hakuna mutu ku Lubumbashi ataikubali. Mwenye aliileta ilibidi ajitambulishe, hakujitambulisha. Akahesabu mara mbili, mudomo unatembea bila sauti. Nyumba nzima kimya, hata watoto.

Halafu akasema inapunguka.

Tonton anauliza inapunguka kiasi gani. Akataja. Mi njo naandikaka hesabu, nikaona ile bei naijua. Kabla sijasema kitu mulango unafunguliwa, mutoto wa jirani anaingia anasukuma na goti kazie ya Simba, baridi, chupa zinagongana.

Etidiya wa UNILU

Usiniambie.

Mwana Kamalondo

Alimutuma mwanzo wa kikao. Anasema alijua hakuna mwenye atalipa.

Mama wa Mupaka

Huyo tantine aje tufanye naye biashara Kasumbalesa. Sasa ku karatasi umeiandika wapi hiyo kazie?

Mwana Kamalondo

Pa sono. Tonton aliinamia karatasi, akaangalia juu kabisa kwenye BUDGET YA NDOA, hakusema kitu, akaomba tu kifungulio.

Fundi Ruashi

Mi niko na spika mbili na amplifiye, moja inapiga muzuri. Bei ya budget.